Kitanda Namba 214

Lori lilichukua siku mbili kutoka Iringa hadi Mbeya, na nilipofika kwa Mzee Ezekia miguu yangu ilikuwa imevimba. Ilikuwa Aprili 1956, mvua haijakatika juma zima. Nilikuwa nimetoka Arabuni, katika ufalme wa jangwa na mafuta, ambako kwa miaka mitano nilikuwa karani wa ghala kwenye kambi ya wachimbaji. Jailos, mwana wa Ezekia, alikuwa dereva palepale. Tuliondoka pamoja, nilirudi peke yangu.

Mlangoni nilipokewa na Ikupa, mke wa mzee. Aliniambia kwamba Jumamosi Saulo angekuja kutoka Iringa kuuliza habari za dada yake, Tupokigwe, mke wa Jailos. Kama Jailos anarudi, Tupokigwe abaki. Kama harudi, Saulo aondoke naye.

Tupokigwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, akitwanga. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Ezekia alikuwa mzee wa kanisa, lakini desturi hiyo hakuiacha. Kwa miaka tisa Tupokigwe alilima shamba la mzee, na mzee hakuijua sauti yake.

"Haya, mwanangu Sedekia," alisema Ezekia, "nchi yenyewe ikoje?"

Aliuliza habari za nchi, si za mwanawe. Nilijibu nilichoulizwa. Nilimweleza juu ya moto unaotoka ardhini kwenye mabomba na kuwaka mchana na usiku bila mtu kuuchochea. Nilimweleza kwamba adhana ikisikika, mwenye duka hushusha pazia tu akaenda kusali, na akirudi hukuta kila kitu mahali pake. Miti hakuna, na joto nililisoma mwenyewe kwenye kipimo: nyuzi za Farenhaiti mia na kumi na nane, kivulini.

"Kivuli cha nini, na umesema hakuna miti?"

"Cha tangi la maji, baba."

"Maji yenyewe wanayatoa wapi?"

"Yanaletwa na lori. Maili arobaini."

Ezekia alisikiliza mvua juu ya bati, akacheka. "Waje na hayo matangi yao huku. Tutawapa bure, na tope tutawaongezea!"

Ikupa aliingia kutoka jikoni. "Mkwe anauliza, Jailos anarudi lini?"

"Mwache mgeni ale kwanza."

"Ameshakula, baba Jailos. Sahani si hiyo hapo, tupu?"

"Amesema mwakani," nilijibu. Ndivyo alivyosema. Ndivyo alivyoandika pia katika kila barua.

Ikupa alitoka, akarudi. "Anauliza, si wewe uliyekuwa ukigawa vitanda kambini?"

"Ndiye mimi."

"Basi anauliza, cha Jailos ni cha watu wangapi?"

"Maswali gani hayo!" Ezekia alifoka. "Hana haya, huyo?"

Ningeweza kusema cha mtu mmoja, na isingekuwa uongo, ndicho nilichompa. Lakini kutwanga kulikuwa kumekoma, na nilikuwa nimechoka kubeba neno la mtu mwingine.

"Nilimpa cha mtu mmoja," nilisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Namba 214. Alikirudisha ghalani Machi 1954, akahamia mjini. Ameoa huko. Ana mtoto."

Ikupa alikaa chini pale pale alipokuwa. Ezekia alianza kusema kwamba Saulo anaweza kungoja mpaka mahindi yavunwe, kwamba barua itaandikwa, kwamba mchungaji ataiandika yeye mwenyewe.

Ndipo Tupokigwe alipoingia. Hakupita mlango wa nyuma, wala hakujifunika uso. Alikuwa na kapu kichwani na jembe lake mkononi. Alisimama katikati ya chumba, akamtazama Ezekia usoni.

"Kwaheri, baba," alisema. Sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyodhani.

Ezekia ndiye aliyejificha. Alijifunika uso kwa mkono, akageukia ukutani kama desturi ilivyomtaka mwanamke afanye, na alibaki hivyo mpaka nyayo za Tupokigwe ziliposikika mbali topeni.

Baadaye alisema, bado ameelekea ukutani, "Ule moto. Ulisema hauchochewi na mtu?"

"Hauchochewi, baba."

"Endelea," alisema.