Mate ya Jumamosi

Jumamosi akitoka kazini, fundi wa meno ya bandia aliosha mikono, akachokonoa plasta iliyoganda chini ya kucha kwa mswaki mkuukuu, akafungua kompyuta kwenye meza ya chakula na kuandika: "Milango ya lifti inafungwa. Uzito umezidi. Mmoja wenu atoke." Kisha akamenya chungwa, akisubiri kura.

Jukwaa lilikuwa la muuza rangi. Alilianzisha mtandaoni ili majirani wapashane habari za maji kukatika na taka kutozolewa. Habari hizo zikiisha, watu waligombana, ndipo akamwomba fundi awatafutie michezo. Fundi alikuwa na kipaji hicho. Masharti yake yalikuwa mafupi, hadithi zake hazikulala, na hakuna mchezaji aliyekaa bila la kufanya. Uliopendwa kuliko yote ulikuwa mchezo wa Lifti. Wachezaji wamekwama ndani ya lifti, kila mmoja kapewa siri yake, huyu mkunga, yule mwizi wa nyaya, na kila raundi wanapiga kura kumtoa mmoja mpaka wabaki wawili. Anayetolewa, fundi humwandikia maneno ya kumuaga, ya kuchekesha.

Kura zilifika kwa mwili. Ukipigiwa kura, popote ulipo, mate ya aliyekupigia yanakutua usoni. Aliyekuchoka zaidi, yake huwa makohozi. Ilikuwa hivyo tangu mchezo wa kwanza, na fundi aliongeza mstari mwishoni mwa masharti: "Kila mchezaji awe na kitambaa karibu." Fundi bomba alizoea kucheza amevaa helmeti ya pikipiki. Muuza rangi alijifuta kwa tambara la dukani na kuendelea kuhudumia wateja. Fundi mwenyewe hakuwahi kulowa, kwa kuwa mwendeshaji hapigiwi kura. Alijiambia kwamba mate yanagawanyika, leo kwako, kesho kwa mwenzio.

Hayakugawanyika. Kila Jumamosi wa kwanza kutolewa alikuwa mtu yule yule, mchezaji aliyejiita Kizibo. Kizibo alikuwa na adabu ya kuchosha. Kabla ya kutoa hoja alimsalimu kila mmoja kwa jina lake, akauliza magoti ya huyu yanaendeleaje na mtoto wa yule alifaulu mtihani au la, akamalizia kwa "ni hayo tu kwa sasa." Lifti nzima ilikuwa ikimsubiri. Safari moja fundi alimwandikia: "Kizibo alichomoka, paa, na lifti ikapumua." Watu walicheka mpaka jioni.

Chungwa lilipoisha, fundi alikwenda chumba cha nyuma kuchukua pasi. Chumba hicho kilikuwa cha shangazi yake, aliyekuwa opareta wa simu enzi za kuunganisha watu kwa waya, na ambaye tangu mguu wake uharibike alikuwa akiishi na fundi na mumewe. Fundi alibisha hodi, akaingia.

Shangazi alikuwa ameketi wima mbele ya simu yake, taulo mapajani, macho ameyafumba. Mate yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye paji la uso, yakipita kando ya pua, yakidondoka kidevuni. Fundi alisimama na kuyaona mengine yakifika. Hayakutoka popote. Yalitua tu, tone shavuni, kohozi kwenye kope, zito, la kijani, likaning'inia.

"Funga mlango, mwanangu," shangazi alisema. "Upepo unayakausha kabla sijayafuta, yanavuta ngozi."

Fundi alifunga mlango. Alichukua taulo akaanza kumfuta. Kazi yake ilikuwa vinywani mwa watu na pua yake ilikuwa imezoea, hivyo hakuhitaji kuuliza. Mate ya shavuni yalikuwa na harufu ya pipi za mnanaa, ni ya mfamasia, ambaye asubuhi ile ile alimpa shangazi kiti na kumwita mama. Ya kwenye paji yalinuka tumbaku, ni ya muuza rangi. Lile la kwenye kope lilinuka dawa ya kikohozi. Chupa yake ilikuwa bafuni kwao, na aliyekuwa akiinywa wiki ile ni mumewe.

Fundi alilikunja taulo, upande mchafu ndani.

"Shangazi, Kizibo ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Nani alikufungulia akaunti?"

"Mume wako. Na jina alinichagulia yeye. Alisema kizibo ndicho hutunza kilichomo chupani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba watu wananitemea mate? Hilo si umeliandika kwenye masharti?" Shangazi alichukua taulo, akajifuta nyuma ya sikio. "Na yako yamo. Yanakuja ukishaandika yale maneno yako ya kuchekesha. Hayana harufu, nadhani kwa sababu ya kupiga mswaki sana."

Fundi alikwenda chooni, akatapika chungwa lote.

Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme, alikuwa amejilaza chumbani, simu kifuani. Alipoulizwa hakukana.

"Anachelewesha mchezo," alisema. "Hata wewe ulisema. Mezani namheshimu, sijawahi kumwinulia sauti. Kule ni mchezo."

"Ulimtemea makohozi."

"Nina kifua, unajua." Akakohoa, kama mtu anayetoa ushahidi.

Chakula cha jioni kilikuwa kama cha siku zote. Mume alimsogezea shangazi chumvi kabla hajaiomba, akamuuliza hali ya mguu. Shangazi alisema haujambo. Fundi aliutazama mdomo wa mumewe ukitafuna, unyevu ukimetameta pembeni, ulimi ukitoka kulamba mchuzi, na akasukuma sahani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba utalala nacho shuka moja.

Jumatatu alikwenda dukani kwa muuza rangi. Alimkuta akikoroga ndoo ya rangi nyeupe, akamwambia Lifti iishe.

"Iishe vipi?" muuza rangi aliuliza. "Watu hawajawahi kupatana mtaani kama sasa. Zamani walitukanana juu ya taka. Siku hizi wanangoja Jumamosi."

"Wanamtemea shangazi yangu."

"Najua ni shangazi yako. Kila mtu anajua." Alitoa kijiti kwenye ndoo, akakipangusa. "Hata mimi nimetemewa, dada. Nikajifuta, nikauza makopo mawili. Mama yule ana moyo mpana. Hajawahi kulalamika."

Fundi alirudi nyumbani, akatunga mchezo mpya. Aliutunga kwa moyo wote, na haukuwa na kasoro. Uliitwa Waya. Mji umekatika mawasiliano, kila mchezaji ana kipande cha ujumbe, na ujumbe haukamiliki mpaka kila mmoja amtafute mwenzake na kumsikiliza. Hakuna anayetolewa. Katikati aliweka opareta, mtu mmoja anayejua nani yuko wapi na anaumwa nini, na nafasi hiyo akampa Kizibo.

Jumamosi wachezaji walikuja. Shangazi aliwaunganisha mmoja mmoja, hakosei jina, na uso wake ulikaa mkavu mchana kutwa. Fundi bomba aliandika kwamba mchezo ni mzuri sana. Mwalimu mmoja aliandika kwamba ameupenda. Hawakurudi. Wiki iliyofuata mfamasia alifungua Lifti yake pembeni, masharti kayanakili neno kwa neno pamoja na mstari wa kitambaa, na watu wote wakahamia huko, pamoja na mume wa fundi. Ndani ya Waya walibaki fundi na shangazi.

Fundi alituma kipande chake cha ujumbe. Shangazi alikipokea, akakiunganisha na chake. Hapakuwa na kingine cha kuunganisha.

"Mwanangu," shangazi aliita kutoka chumba cha nyuma, "nakwenda kwa wenzangu."

Fundi alimfuata. "Shangazi, usiende. Unajua watakachokufanyia."

"Najua."

"Basi unafuata nini?"

Shangazi alikuwa tayari anavaa aproni ya plastiki, anaifunga nyuma ya shingo. "Hapa nimebaki na wewe, na wewe nakuona kila siku. Kule wapo watu. Yule wa magoti alipasuliwa juzi. Nisipomuuliza mimi, nani atamuuliza?"

"Wenyewe hawakuulizi."

"Hawaniulizi," shangazi alikubali. "Nipe na taulo jingine. Hili halijakauka."

Fundi alimpa taulo, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akavuta kigoda karibu naye. Kutoka chumba cha pili walimsikia mume akikohoa, kisha akifunga mlango taratibu, asiwasumbue. Shangazi aliandika salamu zake kwa kidole kimoja. Aliuliza hali ya magoti. Alimpongeza mfamasia kwa kuendesha mchezo vizuri. Aliandika kwamba ni hayo tu kwa sasa.

Yakaanza kuja. Yalikuja mengi kuliko zamani, kwa kuwa mchezo ulikuwa umepata wachezaji wapya, watu wa mtaa wa pili waliosikia kwamba kuna raha. Yalimpiga kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye mdomo aliokuwa ameubana. Kohozi moja lilitua kwenye miwani, likatandaa. Fundi alikuwa akifuta na kukamua, akifuta na kukamua, na maji ya beseni yakaanza kuvutika kama uji. Hakutapika. Alishangaa kidogo kwamba hatapiki.

Mfamasia aliandika maneno ya kumuaga Kizibo, marefu, ya kuchekesha kuliko yoyote ambayo fundi aliwahi kuandika. Chini yake wakajaa wanaocheka.

"Nisomee," shangazi alisema, amefumba macho. "Miwani imeziba, sioni kitu. Wanasemaje?"

Fundi aliichukua simu, akaitazama.

"Wanakusalimu," alisema.

"Wote?"

"Wote."

Uso wa shangazi ulilegea. Alipapasa simu mkononi mwa mpwa wake, akaichukua, akaiweka karibu kabisa na jicho lililokuwa na nafuu. "Basi ngoja niwajibu. Si vizuri kumwacha mtu na salamu yake mkononi."

Alianza na yule wa magoti, akaenda kwa mfamasia, kwa muuza rangi, kwa mume wa mpwa wake, kila mmoja kwa jina lake. Fundi alilowesha kitambaa na kukikamua, akakishika tayari, kwa sababu shangazi hakuwa amefika hata nusu na tayari yalikuwa yanakuja mengine.