Chupa Inayorudi Tupu

Kila Jumamosi asubuhi Fundi, mama mshona nguo, aliondoka nyumbani kwenda mazoezini na chupa ya maji iliyojaa, akarudi nayo tupu, na binti yake akiiona tupu alifurahi. Asichokijua binti ni kwamba maji yale yalinywewa na ua wa michongoma wa jirani wa kona. Fundi aliyamwaga pale huku akijifanya anafunga kamba za viatu. Hakuna ua uliostawi kama ule mtaa mzima.

Si kwamba hakuwa na kiu. Kiu alikuwa nayo mpaka ulimi ukaganda kwenye kaakaa. Lakini alikuwa na aibu yake ya miaka ishirini na mitatu: akikohoa, akicheka sana au akikanyaga ngazi kwa nguvu, mkojo ulimponyoka. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ya Fundi ilikuwa cherehani yake, maana ndiyo iliyoshona vitambaa alivyojiwekea, kwa mabaki ya flana, mlango ukiwa umefungwa kana kwamba anatengeneza noti bandia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Asipokunywa, hakuna cha kumponyoka.

Mwili haukubali hesabu za namna hiyo. Wiki tatu mfululizo, akipanda ngazi za uwanja wa mpira na kikundi cha wanawake wa mtaani, moyo ulimwenda mbio na pumzi zikamkatika, akaachwa nyuma hata na Bibi Magoti, ambaye jina lake linajieleza. Mara ya tatu macho yaliingia kiza, akakaa chini palepale. Binti akampeleka zahanati siku hiyohiyo.

Nesi alimpandisha na kumshusha kwenye kibao kwa dakika tatu, kisha akamshika mkono na kuangalia saa. Mapigo mia na hamsini na nane, tena yalichelewa kushuka. Akauliza kuhusu maji. Fundi akamtazama binti yake, aliyeipakata ile chupa tupu, akajibu kwamba humaliza chupa nzima kila anapofanya mazoezi. Binti akatikisa kichwa kukubali, shahidi mwaminifu wa uongo. Basi nesi akaandika kwamba maji si tatizo, huenda moyo wenyewe una hitilafu, akampangia kumwona daktari Alhamisi.

Binti alikuwa na barua ya kazi ya upimaji ardhi, safari ya siku mbili kutoka pale, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Walipofika nyumbani aliikunja barua akaiweka chini ya mkebe wa vifungo. Alisema hawezi kumwacha mama yake na moyo mbovu. Fundi alimwambia asifanye hivyo, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayekataa chakula huku ameshanawa mikono. Moyoni alifurahi. Siku nne binti alimpigia pasi nguo za wateja, akampikia, akakaa naye kibarazani, na Fundi akaila furaha ile kama kitu cha wizi.

Alhamisi asubuhi binti alitoka chumbani na suruali mbili zenye mifuko mirefu, ambazo Fundi alimshonea kwa ajili ya kazi ile. Akazitundika kwenye kamba ya nguo za kuuzwa. Akasema zitapata mteja tu, kitambaa ni kizuri.

Hapo Fundi akashindwa kuzungusha gurudumu la cherehani.

"Yale maji sinywi," alisema, macho kwenye sindano. "Nayamwaga."

Binti alidhani hakusikia vizuri. Fundi akaeleza yote, ya mkojo, ya vitambaa, ya michongoma, na kila neno lilimuunguza uso.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nikuzae." Lilimtoka kabla hajalipima, na mara akatamani angelimeza. Lakini lililo baya zaidi lilikuwa bado. "Na uliposema huendi, nilifurahi. Ndiyo maana nilinyamaza."

Binti alizitungua suruali, akazikunja, wakaenda zahanati.

Nesi alipoelezwa yote hakucheka. Alisema maji yakipungua mwilini damu nayo hupungua, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kuisukuma hiyo kidogo iliyobaki, na pumzi hufuata mbio za moyo. Daktari angempima hata hivyo. Kuhusu lile jingine, kuna mazoezi ya misuli ya chini inayozuia mkojo, na nusu ya wanawake waliokaa kwenye benchi lile la nje wangekuwa na la kusimulia kama wangeulizwa. Kwa miaka yote hiyo Fundi alidhani yuko peke yake.

Wakirudi, binti alisimama penye michongoma. "Ni hapa?" Fundi akaitikia. Binti akafungua chupa aliyoijaza zahanati, akampa, akasubiri mpaka mama yake akaimaliza funda kwa funda.

"Kesho najibu barua," akasema. "Ninakwenda."

Fundi alitaka kusema, "Vizuri," akapaliwa, akakohoa, na likatokea lile lile alilolikimbia miaka yote, mchana kweupe, barabarani. Binti aliona. Alivua sweta lake akamfunga mama yake kiunoni, akakaza fundo, akamshika mkono. Hakusema kwamba amemsamehe, na Fundi hakuthubutu kuuliza.