Kitabu Kilichofungwa Jua Likitua

Baada ya kufundisha miaka thelathini na mmoja, nilijivunia macho yangu: nikikutazama mara moja, najua wewe ni mtu wa kitabu gani. Ndivyo nilivyodhani. Nilipostaafu nilipeleka vitabu vyangu mia mbili kwenye chumba kitupu cha kituo cha kuuzia majani ya chai, hapa Birongo, nikabandika kadi ukutani kwa mwandiko wa ubaoni: "Mwalimu Tryphosa anapendekeza." Chini yake, jina la mtu na kitabu kinachomfaa. Mkulima kilimo, bibi kizee maombi, msichana mapenzi.

Miezi minne vumbi likashinda. Masese, mwenye migomba mingi kuliko sisi sote, alirudisha kile cha magonjwa ya ndizi siku ya pili.

"Mwalimu, hii mimi naona shambani kila siku. Nisome tena jioni?"

Sharon, aliyemaliza kidato cha nne juzi, hakuchukua chake kabisa. "Madam, hizi za mapenzi ziko kwa simu."

Nilikasirika. Nilisema wazi kwamba watu wetu hawana haja na vitabu. Nyangau, mwenyekiti wa kituo, alinisikiliza bila kukunja uso. Tangu amzike mkewe Orpah mwezi wa tatu, huyo mtu alikuwa anapima maneno kama karani anavyopima majani.

"Jumapili naweka mbolea hapa," alisema. "Kama hakuna wasomaji, toa vitabu zako."

Ijumaa hiyo lori la kubeba majani lilichelewa. Tangu saa nane watu walikuwa wamekaa na magunia yao, chai ikianza kupata joto ndani. Kwa hasira tu, ili nisionekane nimeshindwa, nilitoa kitabu chembamba cha upelelezi nikaanza kusoma kwa sauti. Humo mke wa mwalimu mkuu ametoweka. Viatu vyake vimeonekana darajani, vimepangwa vizuri kama vya mtu aliyeingia nyumbani.

Mwanzoni walipiga soga. Kufikia ukurasa wa kumi, hata mtoto wa mgongoni alinyamaza. Lori lilipofika walipima mbiombio kwa sababu Sabato ilikuwa inakaribia, kisha, ajabu, hakuna aliyekwenda nyumbani. Karani alimuuliza Nyangau jambo, Nyangau akamwonyesha kwa kidole anyamaze.

Mpelelezi amewakusanya wote sebuleni. Anasema, "Najua alikokwenda mama huyu." Nikainua macho. Jua lilikuwa limegusa kilima. Mimi ni Msabato tangu tumboni mwa mama, na kitabu cha dunia hakisomwi Sabato, toka jua litue Ijumaa hadi litue Jumamosi. Nikakifunga.

"Mwalimu! Ukurasa moja tu!"

"Hata mstari mmoja. Tuonane kanisani."

Walinitazama siku nzima kanisani kana kwamba nimeiba sadaka. Jumamosi jua lilipotua nilibeba makatoni kwenda kufungasha vitabu, maana kesho yake ni mbolea. Nilipokata kona nikasimama. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa nje ya kile chumba, bado wamevaa nguo za kanisani, wananingoja mimi.

Nikafungua kitabu. Magokoro Nyanchera, bibi yetu sote pale kijijini, akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Tuseme yetu."

"Yenu gani?"

"Vile iliisha," alisema Masese. "Tulikatazwa kusoma, Mwalimu. Hatukukatazwa kufikiria."

Masese huyohuyo wa migomba akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba yule mama alikuwa na mpenzi wa ujana aliyemwandikia barua miaka yote, na siku hiyo hatimaye amemjibu. Magokoro akasema hapana: daraja lile lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa, kuna mifupa ya watu chini yake, na mama ameenda kutafuta majina yao. Alitaja hata majina, na nikajua ni ya watu wa ukoo wake. Sharon akasema chini ya mto kuna mji, watu wake wanapumua mwanga.

Nimesoma maisha yangu yote, lakini sijawahi kuona kitu kama kile: kitabu kimoja kimelala siku moja kimefungwa, kikazaa vitabu thelathini, na kila mtu bila kujua ananitajia kitabu anachokitamani. Nilibandua kadi zangu zote kwa aibu. Masese nikampa riwaya ya mapenzi, akaificha kwenye koti. Magokoro nikampa historia, mjukuu wake amsomee. Sharon akapata hadithi za ajabu, akaanza kusoma palepale amesimama.

Nyangau alikuwa ameegemea mlango.

"Na yako, Mogaka?" nilimuuliza, nikimwita mzee kwa heshima ya kwetu.

Aligeuka akatazama njia.

"Yangu ni fupi. Hakufa. Alichelewa tu. Anaingia hapo, anauliza mbona tumekaa giza, na nani amepika."

Nilienda kwenye rafu ya nyuma nikachukua kitabu kidogo cha mashairi ya maombolezo, ambacho sikuwahi kukipendekeza kwa mtu yeyote.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mtu ambaye mkewe amechelewa."

Alikifungua. Alisoma shairi moja, midomo ikitembea, kisha akalisoma tena. Nilianza kuvuta makatoni ili nisimtazame.

"Wacha hizo," alisema. "Mbolea itakaa kwa jikoni yangu. Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu anapika huko."

Kisha akaketi na wengine, akaniambia nisome.