Uso Si Sufuria

Bi Sikuzani alipoingia chumbani na bakuli lake, Mwamvua alikuwa ameketi mkekani na uso ulikuwa unawaka moto tangu alfajiri. Alikuwa mwali, amewekwa ndani akisubiri kuozwa Jumamosi kwa Mudathir, fundi matairi wa Mikumi. Na pale Kimamba ukiwekwa ndani ukakabidhiwa kwa Bi Sikuzani, somo wa kuwafunda wanawali, basi umekabidhiwa kweli. Hutoki, huchagui, na mdomo unaufunga.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Inua uso tuanze."

"Uso hausuguliwi leo."

Bi Sikuzani alidhani hakusikia vizuri. Aliweka bakuli chini, akapiga magoti, akanyoosha mkono wenye dodoki. Mwamvua akaushika mkono ule kwa adabu zote, akaurudisha ulikotoka.

"Mwili nisinge mpaka uchoke, somo. Uso basi."

Jamani, tusimsingizie mtoto wa watu. Singo aliipenda. Tangu mdogo alikuwa akichungulia wanawali wakisingwa kwa unga wa mchele, manjano, liwa na karafuu, nyumba nzima inanukia mpaka jirani anakuja kuomba chumvi asiyoihitaji. Alikuwa akiingojea zamu yake. Tatizo halikuwa singo. Tatizo lilikuwa Bi Sikuzani, maana huyu mama alikuwa bingwa wa kuzua. Kila mwaka ana jipya. Safari hii dada yake anayelima miwa kule Ruhembe alikuwa amemletea sukari ya chenga nene, na yeye akaamua kwamba singo isiyo na sukari ni marashi tu. Akatia sukari, akakamulia ndimu, akachukua dodoki kavu, akaanza. Asubuhi uso, jioni uso.

Siku ya kwanza Mwamvua alisema, "Inawasha, somo."

"Ndiyo inatoa taka hiyo."

Siku ya pili mashavu yalivimba, ngozi ikaanza kubanduka pembeni mwa pua. Bi Sikuzani alifurahi kama mtu aliyeona mbegu zake zimeota. "Umeona? Ngozi ya zamani inaondoka," alisema.

Ngozi ya zamani! Msichana wa miaka ishirini na mitatu ana ngozi gani ya zamani?

Na ubaya zaidi ni kwamba Mwamvua alijua. Kabla ya posa alikuwa akifanya kazi Mikumi, kwenye saluni ya Agatha, palepale kando ya barabara kuu ambako malori ya Iringa hupumzika. Agatha alikuwa mkali kwa habari ya uso kuliko kwa habari ya pesa. Mteja akija Jumatatu kusuguliwa, akirudi Jumatano anafukuzwa. "Uso si sufuria, dada," Agatha alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Sufuria likiungua likwangue kila siku ukitaka. Uso unasuguliwa mara moja kwa wiki. Ukiwa na ngozi ngumu sana, mara mbili, na hapo umemaliza. Tena kwa ncha za vidole, kitu laini, halafu mafuta, halafu uuache upumzike. Penye kidonda hapaguswi. Na ndimu kaiweke kwenye samaki." Mwamvua aliyasikia hayo mpaka akawa anayasema usingizini. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anasuguliwa asubuhi na jioni kama sufuria la ugali wa msibani.

"Nani amekufundisha kumjibu somo wako?" Bi Sikuzani aliuliza.

"Sikujibu vibaya, somo. Nasema tu uso umechubuka. Tazama."

"Natazama nini? Nimewasinga wangapi mimi? Mama Mwamvua! Hebu njoo umsikie mwanao!"

Mama yake akaja mbio kutoka uani, mikono ina unga. Alikuwa mwanamke mpole kupita kiasi, kanga siku zote imemzunguka uso mpaka karibu na pua, hata akiwa jikoni kwenye joto. Watu walisema ni haya. Mwamvua mwenyewe alikua akijua hivyo, haya na moshi wa kuni uliomharibu mashavu.

"Kuna nini, da Sikuzani?"

"Mwanao ameota mapembe. Anasema hasuguliwi uso. Basi na mimi nasema, mwali asiyesuguliwa uso simtoi nje. Mtamtafuta wa kumtoa."

Mama alitoa macho. Na si bure. Mwali wa pale hutolewa nje na somo wake, kwa mkono wa somo wake, mbele ya watu wote. Mama mzazi hamtoi mwanawe, siku hiyo hukaa uani mpaka binti ameondoka. Na mwali aliyesuswa na somo, watu hawaulizi somo ana nini. Wanauliza mwali kakutwa na nini huko ndani. Maneno hayo yakitoka yanafika Mikumi kabla ya gari, na wakwe wakiyasikia, ndoa yenyewe inaweza kuota mbawa.

"Mwanangu," mama alisema, sauti chini, "vumilia. Zimebaki siku chache tu."

"Siku chache za kubanduka uso, mama."

"Kila mtu alisuguliwa."

"Hata huyu mama yako nilimsinga mimi," Bi Sikuzani alidakia, "enzi hizo natumia mchanga wa mtoni tuliouchekecha. Mchanga! Na hakufungua mdomo. Wewe sukari inakutoa machozi?"

Mama akavuta kanga yake ikapanda kidogo. Mwamvua aliona. Hakulia; hasira ilimzidi.

"Sawa, somo," alisema. "Kama haiwashi, jipake wewe kwanza. Nikuone."

"Nini?"

"Jisugue. Ukijisugua wewe, na mimi nasuguliwa mpaka Jumamosi, sisemi neno."

Bi Sikuzani alicheka. Akachovya vidole bakulini, akasugua nyuma ya kiganja chake, akakiinua juu. "Haya, nimekufa?"

"Nimesema uso."

"Mimi si mwali!"

"Uso ni uso, somo."

Bi Sikuzani alikuwa na uso mzuri, tusimnyime haki yake. Mwanamke wa makamo lakini shavu laini kama yai lililomenywa, hana doa, hana kipele. Aliligeukia bakuli, akaligeukia dirisha, akafunga kanga kiunoni upya ingawa haikuwa imelegea.

"Da Sikuzani," mama alisema taratibu, "si ujipake kidogo tu? Umwonyeshe mtoto. Hapo shavuni."

"Hata wewe?"

"Kidogo tu."

"Aa, mimi ngozi yangu laini bwana," Bi Sikuzani akasema, kwa haraka, kama mtu anayemkatalia mwenzake pilipili. "Haitaki vitu vikali."

Mama alisimama pale mlangoni na unga wake mikononi. Mwamvua hakuwahi kumwona mama yake akiwa na uso ule. Kisha akapiga hatua, akainama, akalichukua bakuli.

"Ngozi yako laini," alisema. "Na yangu ilikuwa ya kenge?"

"Mama Mwamvua, usinianze."

"Nakuuliza. Nilikuambia inawasha. Nililia mbele yako, ukaniambia mwali halii. Nikanyamaza, nikaamini kila mtu inamwasha hivyo, hata wewe. Kumbe ulijua!"

Akatoka nalo uani, akalimwaga lote chini ya ukuta, sukari na ndimu na manjano. Sisimizi walifika kabla hajasuuza bakuli. Bi Sikuzani alikusanya vifurushi vyake akiongea peke yake, akatoka na viatu mkononi, na barabara nzima mpaka kwake ilijua kwamba mwali wa nyumba ile ana mdomo mchafu na mama yake amerukwa na akili.

Mchana ule mama aliingia chumbani, akaketi mkekani, akaifungua kanga. Mwamvua alikuwa ameyaona yale madoa vipandevipande, lakini hakuwahi kuyaona yote kwa pamoja, meusi, makubwa, yamekaa juu ya mashavu yote mawili mpaka karibu na masikio.

"Si moshi," mama alisema.

"Najua, mama. Nimejua leo."

"Baba yako hakuniuliza hata siku moja. Mimi ndiye niliyejificha. Ningepiga kelele siku ile! We acha tu." Akaanza kulia, na Mwamvua akamkumbatia, na wote wawili wakalia vizuri, bila kuambiwa na mtu kwamba mwali halii.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Walitafuta somo mwingine mpaka Kilosa mjini, wote wakaruka kimanga: wengine walikuwa na safari ya ghafla, wengine wakasema hawawezi kuingilia kazi ya mwenzao. Jamaa zao wakaja kwa makundi kumsihi Mwamvua akaombe radhi. Mmoja akaleta poda na rangi za uso, akasema basi angalau tufunike.

"Sifuniki," Mwamvua alisema.

"Utatoka hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kidonda kibichi hakipakwi poda."

Alichofanya kilikuwa kidogo sana. Alinawa kwa maji baridi, akapaka mafuta ya mgando kidogo, akauacha uso. Hakuugusa, hakuubandua, hakuukuna hata ulipowasha usiombe. Kufika Jumamosi uvimbe ulikuwa umekwisha, ngozi imetulia, ila mashavuni yalibaki mabaka mawili mekundu ambayo yangetaka muda.

Alasiri, baada ya ndoa kufungwa msikitini, wanawake wa Mikumi wakashuka na vigelegele vyao wakajaa mbele ya nyumba kumchukua bibi harusi. Bi Sikuzani alikuwa ameketi kwenye baraza ya jirani, kavaa kanga mpya, mguu juu ya mguu. Alikuwa anangoja kuja kuombwa. Kila mtu alijua anangoja kuombwa, na macho yalikuwa yanakwenda kwake na kurudi mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka amemshika binti yake mkono.

Wimbo ukakatika katikati. Shangazi yake Mudathir, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, ndiye aliyepata maneno ya kwanza.

"Somo wake yuko wapi?"

"Ni mimi," mama alisema.

"Mama hamtoi mwanawe!"

"Leo anamtoa."

Minong'ono ikaanza. Shangazi akasogea, akamkagua Mwamvua usoni bila aibu, jinsi watu wa upande wa bwana harusi wanavyojipa ruhusa. "Na uso huu je? Mwali wenu hakusingwa?"

Mwamvua alitaka kujibu yeye. Ulimi ulikuwa tayari, na hasira yake ilikuwa bado ya moto. Lakini mama akamwachia mkono, akaishika kanga yake kwa mikono miwili, akaishusha mpaka mabegani, mbele ya Kimamba nzima na wageni wake.

"Mimi nilisingwa," alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Sawasawa, asubuhi na jioni, sikufungua mdomo. Nitazameni. Huyu amefungua mdomo. Kama mnamtaka, mchukueni na uso wake. Kama hammtaki, semeni sasa hivi, nirudi naye ndani tukapike."

Kule barazani Bi Sikuzani alishusha mguu, akaanza kutafuta kiatu chake kilipo. Mudathir, aliyekuwa amesimama kando ya gari na kanzu yake, alikuja moja kwa moja akapita katikati ya shangazi zake, jambo ambalo bwana harusi hafanyi.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Namchukua." Kisha akamtazama Mwamvua mashavuni. "Panauma?"

"Sasa hapana."

Mtu mmoja akapiga kigelegele, wengine wakafuata, na gari likaondoka mama akiwa amesimama barabarani kichwa wazi, akipunga.

Ndani ya gari shangazi aliketi karibu na Mwamvua, akimtupia jicho mashavuni mpaka walipoipita Kilosa. Mwamvua alikaa akiwa amejiandaa. Neno lolote la uso wake angelijibu, ndoa ni ndoa, heshima ni heshima, lakini angelijibu. Hatimaye shangazi akamwinamia, ile sauti ya kuuza samaki imekwisha yote.

"Mwanangu, kwani huko kusugua uso kunatakiwa mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki, shangazi. Kwa mkono mwepesi."

"Na ukiwasha?"

"Ukiwasha unaacha."

Shangazi akajishika shavu, pale chini ya jicho, akapasugua kidogo kwa kidole gumba. "Hata kama anayekusugua anakwambia vumilia?"

"Hata awe nani," Mwamvua alisema.