Kigingi cha Mti wa Tini

Wapimaji walipomwambia kwamba mashine yao ya kutafutia tangi la zamani la mafuta imelia juu ya handaki la mti wake wa tini, Gennaro Petrillo aliwacheka. Tangi gani tena? Tangi, kama bado lipo, liko kule mbele, lilikokuwa likichungulia bomba la kumiminia mafuta ya kupashia nyumba moto. Bomba lile alilikata kwa mkono wake mwaka walipohamia kwenye gesi. Leo mtu aje na kidude chake cha kutambua chuma amfundishe ua wake mwenyewe!

"Baba, wanunuzi wamesema tangi lisipotolewa hawatii sahihi," alisema binti yake, Loredana. "Na kule kwa mama wametushikia kitanda mpaka Ijumaa tu."

Hilo la kitanda likamfanya akubali. Mkewe, Assunta, alikuwa nyumba ya wazee tangu avunjike nyonga, na hatimaye chumba cha wawili kilikuwa kimepatikana. Nyumba ikiuzwa, Gennaro anahamia huko. Miaka hamsini na minane ya ndoa, halafu tangu Septemba analala peke yake kama mseja. Alikuwa amechoka kula supu ya kopo akiwa amesimama.

Ilikuwa mwisho wa Machi na mti ulikuwa bado umelala ardhini. Watu wa kwao, waliotoka Calabria kwenye joto, hawauachi mti wa tini usimame kwenye theluji ya New Jersey. Ikifika Novemba unakata mizizi ya upande mmoja, unauinamisha handakini, unaufunga kwa kamba kwenye vigingi vya chuma, unaufukia. Baridi ikiisha unausimamisha. Wale waliouviringishia wa kwao matambara na kuuvika ndoo kichwani, Gennaro aliwaita wavivu mbele ya wake zao. Wa kwake haukuwahi kufa, na siri ilikuwa vigingi. Mwaka mmoja alikuwa akigonga, kigingi kikakutana na kitu kigumu. Akaongeza nguvu, kikapenya, kikashika barabara, hakitikisiki. Akafurahi kweli! Tangu hapo, kila mti ulipozidi kukua, alisogeza kigingi hatua moja akatafuta palepale pagumu.

Jumanne asubuhi aliufungua mti mwenyewe, hakutaka mtu auguse. Kigingi kimoja kikagoma kutoka.

"Kiacheni," aliwaambia wachimbaji kwa maringo. "Hicho mkono wa mtu haukiwezi."

Kijiko cha mashine kikaingia. Kijiko cha tatu cha udongo kilinuka mafuta hata Loredana akafunika pua. Mkaguzi wa mji, bwana mmoja mtulivu aitwaye Tierney, akasogea ukingoni.

"Mzee, ulibakiza mafuta humu?"

"Nusu tangi. Nani ajuaye gesi itakatika lini?"

"Miaka arobaini, baba!" Loredana alifoka. "Miaka arobaini unangoja gesi ikatike?"

"Mwaka wa foleni za mafuta wewe ulikuwa kwenye nepi. Nyamaza."

Wakaingiza mpira wa kunyonya. Kilichotoka kilikuwa maji, maji matupu, na utando wa mafuta juu yake. Kisha minyororo ikakaza, tangi likanyanyuka taratibu, likining'inia na kudondosha matope. Na mgongoni pake, wima, kimesimama kigingi cha Gennaro. Pembeni yake palikuwa na matundu mengine matatu ya mviringo, ya saizi ileile.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Kutu huanzia chini," alisema Tierney, akipapasa tumbo la tangi kwa glavu. "Huku chini kuzima kabisa. Mvua imeingilia juu, mafuta yakaelea, yakafurika nje. Mwaka hadi mwaka. Nani alikipigilia hiki?"

Loredana alimtazama baba yake. Gennaro alitamani ardhi ile ile iliyonuka immeze.

"Mimi."

Msichana wa vipimo alishuka shimoni, akachota udongo sehemu tano, akaujaza kwenye vichupa na kuvipanga kwenye sanduku la barafu. Alhamisi maabara ikajibu: udongo umechafuka mara nyingi kupita kiwango, na mafuta yamekwenda mbali kuliko shimo. Serikali ikaipa nyumba namba ya kesi ya uchafuzi. Kuchimba, kusomba, kupima tena: labda mwaka, labda zaidi. Wanunuzi hawakungoja jioni, wakajitoa.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wao walimsema mwenye hila. Huyu hila hakuwa nayo, alikuwa na ujuaji tu, na akaingia vilevile.

Ijumaa alikwenda kwa mkewe. Kwenye kitanda cha dirishani, kile alichoshikiwa yeye, alikuwa amekaa bibi mwingine mwenye miwani, anapanga soksi zake kwenye droo. Assunta alikuwa ameshasikia.

"Loredana kasema ni kutu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kutu si kosa la mtu, Gennaro."

Angeweza kuishia hapo. Mungu anajua alitaka kuishia hapo.

"Si kutu. Nililitoboa mimi, kwa vigingi vya mti. Mara nne."

Assunta alikunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Kila Novemba nilisimama dirishani nikikutazama unavyogonga," alisema mwishoni. "Nikasema, mume wangu ana nguvu. Mjinga mimi."

"Assunta..."

"Usiniguse."

Muuguzi akachungulia mlangoni, akatabasamu kwa wote watatu, kisha akamgeukia Gennaro peke yake.

"Samahani, mzee. Saa za wageni zimekwisha."

Gennaro alimtazama mkewe ili aseme kitu, aseme huyu si mgeni. Assunta alikuwa amegeukia ukutani. Gennaro akachukua kofia yake, akamwambia bibi wa dirishani usiku mwema, akatoka.