Vert ya Sombe ao Jaune ya Bukari

Jumamosi bazazi ba Mechack banakuya kuomba dada yangu Wivine aolewe na mutoto yabo, na salon yetu hapa Kapata ingali na chokaa yenye kuanguka ku bega ya kila mugeni! Tata Kitenge, baba yetu, akaleta bidon mbili za peinture ya ukuta: vert ya kijani na jaune ya manjano. "Moja tu njo tutapaka. Muchague."

Tukapaka kipande ya kila moja pembeni ya dirisha. Ukuta ikakuwa sahani: mboga ya sombe na bukari, ugali ya mahindi.

Wivine, moyo yote ku vert. "Tata, kila Jumapili mutapumuzisha macho!"

"Mi nilihama mutaa ya Kasulo sababu ya ile rangi," Tata akasema. "Jirani aliona vert kidogo ya jiwe ya shaba mu shimo ya choo. Kisha wiki moja, batu balikuwa banachimba chini ya kitanda yangu."

"Lakini tata, hii ni peinture!"

"Enda ueleze ule mwenye kubeba pelle ya kuchimbia."

Wivine akanigeukia. "Jémima, piga foto, tuma kwa Mechack. Yee aseme."

Mechack iko creuseur, muchimbaji wa madini, kila siku iko mu mashimo. Mi nikasogeza telefone karibu kabisa-kabisa, vert tu na ukuta yetu ya matundu-matundu. Nikaandika tu: "Unaona je? Jibu mbio!"

Akajibu mbio, bilai! "AYAYA! Ile iko muzuri sana! Musionyeshe mutu!"

Wivine akapiga kigelegele. "Munaona? Bwana yangu amechagua!"

Hata dakika makumi mbili hazikupita, pikipiki ikalia ku lupango ya nyumba. Mechack na rafiki yake Papy: pelle mbili, mifuko, taa ku kichwa! Mechack akaingia bila hodi, akapiga magoti, akaanza kukwangula ukuta na ukucha.

"Jiwe ya malachite ya namna hii sijaonaka! Inatokea huku chini?"

Papy akalamba kidole. "Grand yangu... hii ingali mubichi."

Tata akacheka mpaka akashikilia mulango. Mi nilikuwa nafilimu.

"Mechack," Wivine akasema.

"Shérie yangu, ngoja kidogo." Macho ku ukuta!

"Ningoje?" Wivine akafunga bidon ya vert, akagonga kifuniko na kisigino. "Tata, tunapaka jaune. Jumamosi huyu bwana aangalie mi, asiangalie ukuta."

Mechack akasimama pole-pole, vert ku bidole yote. "Bonjour, tata."

"Bonjour, mukwe." Tata akamupatia rulo ya kupakia. "Anzia kule juu. Na zile pelle zibakie inje."