Kizimba cha Chifu

…na sasa komeo nalo limeanguka, tak, nyuma ya matako yake, na Kahiga, mwanamume wa miaka hamsini na sita aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa kwa trela miaka nenda miaka rudi bila askari hata mmoja kumfungia, amebaki amepiga magoti ndani ya kizimba cha mbwa, shavu kwenye godoro la mbwa, mkononi simu yenye mate ya mbwa, na mlangoni mwa jikoni amesimama jirani yao Nafuna na sufuria aliyokuja kurudisha, hacheki, na hilo ndilo baya zaidi, angecheka yangeisha, anamtazama tu kwa huruma kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa, halafu anageuza shingo polepole, “Mama Kui, kwani Baba Kui siku hizi analala huku?” na Idah, mke wake wa ndoa, anajibu bila kugeuka, “Mwache kwanza, mikono iko na unga, nimalize hizi chapati”… mwache kwanza, haya, nyumba ni yangu, kodi ya Ruiru nalipa mimi, naachwa kwanza… na mwizi mwenyewe, Chifu, mbwa wa miezi mitano, aliyeiburura simu hadi humu, kisha akauegemea mlango hadi ukajifunga, ameketi nje ulimi nje kama afisa wa forodha anayesubiri karatasi. Simu ilitetemeka humu ndani, Kahiga akajitupa akidhani ni Muoki, tajiri wa malori, aliyesema atapiga wiki hii, kuna trela la Lubumbashi halina dereva, akikubali anaondoka Jumatatu, na Idah hajaambiwa hata neno… kumbe ni tangazo la bando. Ameingia jela kwa ajili ya bando. Na huko jikoni Idah ameanza mahubiri yake, Nafuna ameuliza na sasa atajua, “…humfungii kwa hasira, Nafuna, ukimfungia kama adhabu umeharibu, unamwekea chakula ndani, mlango wazi, anazoea mwenyewe, dakika tano, dakika kumi…” sikia hiyo, dakika kumi, mbwa anawekewa ratiba, kule Thika kwa baba yake Kahiga mbwa alikuwa na mnyororo mchana na ua mzima usiku, alikula maganda na hakuna aliyemuuliza amezoea nini, ila hapa fundi wa kuchomelea wa Kiuu amelipwa pesa za watu atengeneze chumba cha kutosha ndama, eti mbwa atakua, na godoro juu, na leso ya Idah imefunika pande tatu kama pazia la bibi harusi… “…hatafuni viatu tena, hakojoi kwa nyumba, wageni wakija ana pake…” ana pake, mbwa ana pake, mjinga wewe Kahiga na wewe sasa una pako… goti linauma, ajilaze ubavu basi, akunje miguu, hivyo, na leso imekata mwanga, kunanukia unga na manyoya, ukuta huku, ukuta huku, kichwa kinafika pale miguu inafika pale, na pumzi inashuka yenyewe, inashuka hadi chini kama haijashuka tangu aache kazi… lini mwisho alilala hivi… kile kitanda nyuma ya kiti cha dereva, upana wa ubao, pazia la maua alilonunua Kampala, miaka ishirini na sita, mvua ya Juba ikipiga paa la lori na yeye ndani anakoroma, halafu amekuja nyumbani kwa kitanda cha sita kwa sita na dirisha kubwa, akashindwa, miezi mitano anamaliza usiku kwenye kochi, akienda Kamakis kula nyama anawaambia wenzake, barabara iko kwa damu, mimi si mtu wa kukaa… damu gani, muongo mkubwa, barabara ni tope na figo zinazouma na siku tatu kwenye foleni ya mizani ya malori, hakuna mtu anayetamani mizani, ulikuwa unalilia sanduku, mzee mzima, ungemwacha tena mkeo kwa sababu ya sanduku na pazia… “…wiki ya kwanza alilia,” Idah anasema, “nikafunika na leso akanyamaza, sasa radi ikipiga anaingia mwenyewe, hakuna wa kumlazimisha,” na Nafuna anasema mmh, na sauti ya chapati, na viatu vya Idah vinakuja, anachuchumaa, uso wake vipande vipande kati ya vyuma, unga kwenye nyusi, hagusi komeo.

“Idah,” anasema akiwa amelala hivyo hivyo, “kuna kitu sijakwambia. Muoki anataka nirudi kazi. Akipiga, mwambie sirudi.”

“Alipiga Jumanne, umelala kwenye kochi,” Idah anasema. “Nilimwambia umeacha.”